Kutuni pedali na nyenzo za goti kwenye gitaa la stili la E9

Kwenye E9, mmoja wa mipangilio ya kutuni gitaa la stili lenye pedali, pedali A na B zilianza kama pedali moja. Mpiga gitaa la stili Bud Isaacs aliikanyaga nyuzi zikiwa bado zinalia, kwenye rekodi ya mwimbaji wa muziki wa country Webb Pierce iliyotoka 1954; baadaye mpigaji mwenzake Buddy Emmons akaigawa kazi yake kwa pedali mbili. Ndiyo maana kila moja hutuniwa peke yake.

Anza na nyuzi zote wazi (bila kukanyaga pedali wala kusukuma nyenzo), kwa funguo za kichwani. Kisha kanyaga A hadi mwisho, uzungushe nati za nailoni zilizo upande wa pili wa gitaa, mkabala na funguo: uzi wa 5 na wa 10 utoke noti ya B ufike C#. Pedali B hupandisha uzi wa 3 na wa 6 kutoka G# hadi A. Nyenzo za goti hufuata utaratibu uleule. Zilizo muhimu zaidi hupeleka uzi wa 4 na wa 8 kutoka E hadi F, au kuzishusha hadi D#.

Usiguse funguo pedali ikiwa chini, utavuruga sauti ya wazi. Uzi ukibaki juu baada ya kuachia pedali, mara nyingi nati imekazwa mno na ufito unaovuta uzi hauna nafasi ya kurudi. Ilegeze, tuni uzi wazi upya. Pedali isipofika sauti yake, iongezee mwendo kwenye skrubu inayoizuia.