Kipimo kikirudisha "chini ya kikomo": mambo ya kuzingatia kabla ya utafiti wa kichocho Pemba

Baada ya miaka mingi ya kugawa prazikwanteli, dawa ya kichocho, Unguja na Pemba, maambukizi mengi ya kichocho yaliyobaki ni mepesi. Mtoto anaweza kuwa na minyoo bila kukojoa damu, na antijeni (kemikali inayotolewa na minyoo) iliyomo kwenye mkojo wake ikawa kidogo mno kusomeka. Anayetaka kutathmini kipimo kipya cha antijeni ajue basi kwamba majibu mengi yatarudi "chini ya kikomo", yaani chini ya kiasi kidogo kabisa ambacho kipimo kinaweza kukisoma, na aamue atayafanyia nini kabla hajagawa kikopo cha kwanza shuleni.

Aanze na daftari. "Chini ya 0.5" isiandikwe sifuri, wala nafasi isiachwe wazi. Safu moja ibebe namba, ya pili ieleze kama ni kipimo halisi au kikomo, ya tatu ionyeshe kikomo cha bechi ile, yaani kundi la sampuli zilizopimwa pamoja.

Kisha aulize maabara: je, bechi zote zina kikomo kimoja? Swali hili ndilo zito kuliko yote. Kikiwa kimoja, kuweka sifuri au nusu ya kikomo hakubadilishi eneo chini ya mkunjo wa ROC (alama ya jinsi kipimo kinavyotenganisha wagonjwa na wazima) linalohesabiwa kwa kupanga watu kwa daraja, maana walio chini wote wanabaki sare mkiani. Kinachoharibika ni wastani na mtawanyiko. Lakini bechi moja ikiwa na 0.5 na nyingine 1, kati ya mtoto wa "chini ya 1" na mwenzake wa 0.8, nani yuko juu? Ukiweka nusu, umejibu kwa kubuni. Afadhali itifaki itaje mapema njia ya uwezekano mkubwa (hesabu inayotafuta makadirio yanayolingana zaidi na data) inayotambua data zilizokatwa chini, au wote wapimwe kwa kikomo kile kikubwa na hasara ikubaliwe.

Unyeti, yaani sehemu ya wagonjwa ambao kipimo kinawagundua, nao una dari: mgonjwa aliye chini ya kikomo hapatikani, weka kizingiti (namba inayotenga mgonjwa na mzima) popote utakapo.

Mkojo uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai ya minyoo yanapotoka kwa wingi. Hata darubini ya kutafuta mayai, tunayoifanya hakimu wa nani mgonjwa, ina kikomo chake, kwani katika mililita 10 zilizochujwa yai pekee linaweza kukosekana. Mtoto mwenye antijeni bila yai akihesabiwa mzima, kipimo kipya kinaonewa. Kwa hiyo kila mtoto achujiwe mkojo wa siku kadhaa, na bajeti ikibana, ipunguzwe kwingine.