Sanduku la betri na kipimo chake: namna ninavyoyatunza mawe ya nyumba nzima

Redio ya mama yangu ilikaa kabatini miezi minne alipokwenda kijijini Tororo, mawe yake, yaani betri, yakiwa ndani. Siku niliyoifungua, spring ya kitako ilikuwa imeliwa na kutu mpaka imebaki uzi, na unga mweupe umeganda hadi kwenye waya wa spika. Nikayatoa mawe yote manne. Matatu yalikuwa bado yana nguvu. Lile moja lililoisha ndilo lililovuja likaua redio ambayo mama alikuwa akisikilizia habari tangu mimi sijaolewa.

Nililia kwa ajili ya redio hiyo, na sioni haya kusema. Tangu hapo nyumbani kwangu hapa Walukuba, Jinja, hakuna betri inayoingia kwenye kifaa bila kupimwa. Wenzangu wanachama wa kikundi chetu wameniomba niandike hatua kwa hatua, basi someni.

Kwanza jina. Sisi wa hapa tunasema mawe ya redio na mawe ya tochi; wasemaji wa Luganda husema amanda, yaani makaa. Zile ndogo za rimoti na saa ya ukutani wengi tunaziita betri tu. Mimi nitasema betri kwa zote. Nazungumzia zile za kutumia zikaisha, si zile za kuchaji.

Kifaa chenyewe cha kutunzia betri ni sanduku bapa la plastiki lenye mifuniko ya kuonyesha ndani, na kila ukubwa una mashimo yake: D za redio kubwa, C, AA za saa, AAA za rimoti, zile za mraba za volti 9, na zile bapa za duara kama sarafu. Pembeni kumechomekwa kipimo kidogo chenye mshale na rangi tatu. Maduka ya vifaa vya umeme Kampala huwa nayo, na mara nyingi kipimo huuzwa peke yake. Ukikosa sanduku, usihuzunike. Trei ya mayai hubeba D zikiwa zimesimama vizuri kabisa, na AA unaweza kuzitengenezea vyumba kwa vipande vya boksi la sabuni ndani ya kopo la mstatili. Kitu usichoweza kukikwepa ni kipimo.

Hatua ya 1. Kusanya kila betri iliyomo nyumbani. Droo ya jikoni, mfuko wa koti, chini ya godoro la watoto, ndani ya tochi iliyokufa. Zitandaze juu ya gazeti.

Hatua ya 2. Chambua kwa macho. Yenye unyevu, iliyovimba au yenye unga mdomoni, weka kando bila kuipima na usiishike kwa mkono mtupu. Zilizobaki futa kichwa na kitako kwa kitambaa kikavu. Kama pamefifia, sugua kwa kifutio cha penseli. Uchafu kidogo tu pale hufanya betri nzima ionekane mbovu.

Hatua ya 3. Soma maandishi. Hapa wengi hatuangalii, na ndipo pesa zinapopotelea. R20 au R6 bila herufi L mbele ni betri ya zinki na kaboni, ile ya bei nafuu. LR20, LR6 au LR03 ni alkalaini. HR ni ya kuchaji. CR ni ya lithiamu. Ya zinki na kaboni hukaa dukani miaka miwili mitatu hivi kabla ya kudhoofika yenyewe. Alkalaini hufika miaka 5 hadi 10. Kwa hiyo unaponunua mawe ya R20 dukani, geuza uangalie tarehe kama unavyoangalia tarehe ya maziwa.

Hatua ya 4. Pima. Vuta mkono wa kipimo, weka betri katikati, kichwa kielekee alama ya kujumlisha, kisha uachie mkono ubane. Ya volti 9 huguswa kwenye vidoti viwili vya pembeni. Hesabu moja hadi tatu ndipo usome mshale. Kijani ni nzima, njano ni ya katikati, nyekundu imeisha. Kipimo cha mshale hakihitaji betri yake chenyewe; kinakula kidogo kutoka kwa ile unayoipima. Na kula huko ndiko ninakokupenda, nitaeleza.

Betri iliyochoka ikipumzishwa usiku kucha hurudisha volti zake. Jiwe la zinki lililoshindwa kuimbisha redio jana jioni, asubuhi linaweza kusoma volti 1.4 kwenye mita ya fundi, nawe ukaapa kwamba ni zima. Likipewa kazi, linaanguka dakika hiyo hiyo. Ni sawa na mtu mgonjwa aliyekaa kitini anayesema hajambo: mwambie abebe ndoo ya maji ndipo utajua hali yake. Kipimo cha mshale kinambebesha ndoo.

Kama una mita ya kawaida, iweke kwenye volti za DC, alama ya 20, halafu ubebeshe betri mzigo mwenyewe kwa rizista ya omu 10, kile kijipande chenye miguu miwili kinachozuia umeme. Gusisha miguu ya rizista kichwani na kitakoni kwa sekunde tatu huku ncha za mita zikiwa hapo hapo. Itapata joto kidogo, usiogope, ila usiiache. Kwa betri yoyote ya volti 1.5 mimi nafuata hivi: ikisimama kwenye 1.4 au zaidi ni nzima. Kati ya 1.1 na 1.4 ina kazi bado; chini ya 1.1 nenda nayo kwenye mtungi wa zilizokufa.

Hatua ya 5. Andika na kupanga. Kipande cha plasta, mwezi na mwaka, basi. Nzima juu, za njano chini. Za volti 9 zibandike plasta kichwani kabla ya kuziweka, maana vidoti vyake vyote viwili viko upande mmoja. Ikikutana na funguo au karatasi ya foili ndani ya droo, moto unawaka kweli.

Hatua ya 6. Mahali pa kuweka. Pakavu, penye kivuli, mbali na sigiri, mbali na dirisha, na si juu ya kabati linalogusa mabati. Friji pia hapana: ukitoa betri baridi, hewa yetu ya karibu na ziwa hugeuka maji juu yake. Na pawe juu kuliko mkono wa mtoto.

Hatua ya 7. Wakati wa kutia kwenye kifaa, tia za aina moja, umri mmoja, rangi moja ya mshale. Ukichanganya jiwe lililoisha na matatu mazima, yale mazima yanalisukumia umeme kinyumenyume, gesi inajaa ndani, linapasuka mdomo. Hiyo ndiyo habari ya redio ya mama. Za njano usizitupe: saa ya ukutani hula kidogo sana na itakwenda nazo miezi. Rimoti vilevile. Redio na tochi zipewe za kijani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mzee wa Bombo: Binti yangu, sisi tangu jeshini tulikuwa tunaanika mawe juani na redio inaimba tena. Leo unatuambia tulikuwa tunajidanganya?

Mzee wangu, hamkujidanganya, redio iliimba kweli. Joto huharakisha kazi ya dawa iliyomo ndani, na kule kupumzika pia kunarudisha volti. Lakini hakuna nguvu mpya inayoingia, unakamua mabaki. Na bati la zinki la jiwe lililochoka limeshakuwa jembamba, maana zinki yenyewe ndiyo inayoliwa. Ukiongeza jua, linatoboka. Ukibanwa na taarifa ya habari, anika, sikiliza, kisha ulitoe jioni ile ile. Usilale nalo ndani ya redio.

Kaka wa Arua: Mimi naangusha betri mezani. Ikiruka imekufa, ikisimama ni nzima. Sihitaji kununua kipimo.

Kuruka ni kweli kwa alkalaini tu. Ndani yake kuna zinki laini kama uji, nayo inapotumika hugeuka kuwa oksidi ngumu, ndiyo maana inadunda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walilichunguza jambo hilo mwaka 2015 wakaona betri inafika mwisho wa kudunda ikiwa bado ina karibu nusu ya nguvu. Kwa hiyo kaka, ukizitupa zote zinazoruka umetupa na chakula. Na kwa mawe ya R20 ya zinki jaribio hilo halikusaidii.

Dada wa Mbale: Nilinunua za kuchaji, nimezichaji usiku mzima, kipimo kinasema njano. Nimeibiwa?

Inawezekana kabisa hujaibiwa. Betri yenye alama ya HR ni ya volti 1.2 kwa kuzaliwa, na kipimo kimechorewa rangi kwa ajili ya 1.5. Njano yake ni kijani. Ziweke chumba chake ili watoto wasizichanganye na zile za kutupa, na za kutupa zisije zikaingia kwenye chaja.

Fundi wa sola, Lira: Zile ndefu nene za ndani ya taa za sola, naweza kuzipima humo?

Hapana, ndugu. Zile kwa kawaida ni za lithiamu, volti 3.2 au 3.7, zaidi ya mara mbili ya kile kipimo kinachokitegemea. Mshale utagonga mwisho na unaweza kukiunguza. Tumia mita. Na usizichanganye kwenye sanduku hili.

Mwalimu wa Kitgum: Shuleni kwetu tunavunja mawe ya zamani, unga mweusi tunapakia ubao. Kuna ubaya?

Mwalimu, najua ubao huo, nami niliusomea. Ule unga ni manganizi na kaboni, umechanganyika na chumvi kali inayochoma ngozi, na vumbi lake si la kuvutwa puani. Mawe ya zamani mengine yalitiwa hata zebaki. Wanaoyaponda ni watoto, kwa mawe ya kawaida ya chini na mikono mitupu. Nakuomba uache, hata kama ubao utakaa umefifia kidogo mpaka shule inunue rangi.

Mama wa Busia: Unga mweupe kwenye rimoti nausafishaje? Nilitumia maji, ikazidi.

Tazama kwanza betri iliyovuja ni ipi. Kama ni alkalaini, uvujaji wake ni wa magadi makali, kwa hiyo unauliwa na uchachu: tone la siki au limau kwenye pamba ya kijiti, sugua, kisha futa kwa spiriti na uache ikauke siku nzima. Kama ni ya zinki na kaboni, uvujaji wake una asidi, hapo tumia soda ya kuokea iliyolainishwa kwa maji kidogo. Vaa glavu au mfuko wa nailoni mkononi.

Mama wa Busia tena: Na hizi za sarafu? Nina mtoto wa mwaka na nusu, kila kitu mdomoni.

Hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Ile ya lithiamu yenye upana wa milimita 20, ikikwama kooni, inaanza kuchoma nyama ndani ya saa mbili, hata ikiwa imeisha kwa matumizi ya rimoti. Si lazima ivuje. Umeme wake wenyewe kwenye mate ndio unaochoma. Ukishuku tu kwamba ameimeza, usimtapishe, mbebe hospitali saa hiyo hiyo wampige eksirei. Kwa kuwa amepita mwaka mmoja, na kama anameza vizuri, mpe asali vijiko viwili vidogo kila dakika 10 mkiwa njiani. Usichelewe kuondoka kwa sababu ya kutafuta asali. Kwangu hizi hazikai kwenye sanduku. Ziko ndani ya chupa ya dawa yenye kifuniko cha kubonyeza na kuzungusha, juu ya kabati la nguo, na kila moja iliyoisha naifunga plasta pande zote mbili.

Kijana wa Iganga: Zilizokufa kabisa unazipeleka wapi? Sisi tunatupa chooni.

Usitupe chooni wala motoni. Motoni zinapasuka, na shimoni zinaoza karibu na maji tunayochota. Mimi nina mtungi wa plastiki wa lita 5 wenye kifuniko, hauna unyevu ndani, unakaa stoo. Mafundi wa taka za umeme wakipita kuchukua simu mbovu, nawauliza kama wanapokea betri pia. Akisema hapokei, mtungi unarudi stoo.

Dada wa Mbale tena: Kipimo chenyewe nitajuaje hakidanganyi?

Nunua betri moja mpya ya alkalaini, ipime ikiwa imetoka tu kwenye pakiti, na chora alama ya kalamu mshale uliposimama. Kila baada ya miezi michache rudia na nyingine mpya. Mshale ukianza kusimama chini ya alama, sugua vile vidoti vya kipimo kwa kifutio kwanza. Changu kilinisumbua mwezi wa mvua, kumbe ni mafuta ya vidole vyangu vya kupikia.