Kushusha Impreza nyumbani: springi fupi na shokapu mpya, hatua kwa hatua

Wikiendi iliyopita shemeji yangu kaja na Impreza yake ya 2004, springi mpya ziko kwenye boksi siti ya nyuma, ananiambia "shem, gereji wamenitajia hela ya ajabu, si tuifanye wenyewe hapa uani?" Tumeanza saa mbili asubuhi, saa kumi na moja jioni tumemaliza. Naandika wakati kichwa bado kina joto.

Kwanza tuelewane. Springi HAZIKATWI na grainda. Ukikata, ncha haikai tena vizuri kwenye kisahani chake, siku ukiruka tuta tairi likaning'inia springi inacheza humo ndani. Kuchoma na gesi ndio kabisa usiniulize, chuma kikishapata moto ule ugumu wake umekwenda. Nunua springi fupi za gari hiyo hiyo, shusha milimita 25 mpaka 30 inatosha kwa matuta yetu, na shokapu kama zimeshachoka badilisha hapo hapo, sio unafungua mara mbili. Zile koilova (shokapu na springi pamoja, urefu unaurekebisha kwa kuzungusha) za bei chee mimi sizipendi, nyuzi zinashika tope na kutu, baada ya masika mbili hazizunguki tena.

1. Pima. Gari ikiwa chini, pima kutoka katikati ya ringi mpaka ukingo wa fenda, kona zote nne, andika.

2. Nyanyua. Legeza nati za matairi kwanza, halafu jeki, halafu stendi. Stendi, sio tofali.

3. Toa shokapu za mbele. Fungua mabano ya paipu ya breki na waya wa ABS, halafu bolti mbili kubwa za namba 19 zinazoshika shokapu na habu (kile chuma kinachobeba tairi). Ile ya juu ina kichwa chenye alama, ndio inayorekebisha kemba (tairi kulalia ndani au nje kwa juu), kwa hiyo kabla hujaigusa chora mstari kwa tipeksi ujue ilikaa wapi. Funga habu kwa kamba, isianguke nje ikavuta paipu ya breki na kuchomoa jointi ya ekseli. Juu chini ya boneti kuna nati tatu ndogo za 12. Fungua hizo tatu tu, nati kubwa ya katikati USIIGUSE, springi bado imebanwa mle na inaweza kukuua.

4. Kubadilisha springi. Hapa ndio pa kutulia. Vile vibanio vya kubania springi, vya fimbo mbili, viweke vikitazamana, kila kimoja kishike mizunguko sawa ya springi, paka grisi kwenye nyuzi, kaza kwa mkono, huku raundi tatu, kule raundi tatu. Impakti, ile mashine ya kufungulia nati, weka kando. Uso wako usikae juu ya shokapu hata sekunde moja. Ukiona springi inazunguka kwa mkono bila kugoma, hapo ndio fungua nati ya katikati. Fimbo ikizunguka pamoja na nati, ishikilie kwa spana ya L. Kabla hujatawanya vitu piga picha ya mpangilio wa washa, mauntingi (kile kikalio cha juu cha shokapu) na kile kiraba cha ndani.

Sasa ya kwangu. Mara ya kwanza nilipofanya hii kazi gari langu lilikuwa likikata kona parking linalia "ting'!" kama mtu kapiga sufuria. Nikafungua nikakaza, likalia. Nikanunua linki mpya za stebilaiza (ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), likalia. Nikabadilisha mauntingi, ni saa sita usiku tochi ya simu naing'ata mdomoni, likalia. Raundi ya nne nimekaa chini nimechoka naiangalia tu shokapu ndio naona, kwenye kisahani cha chini kuna kingo ndogo imepanda, ncha ya springi inatakiwa iguse pale, yangu ilikuwa mbali vidole viwili. Kila nikigeuza stelingi springi inateleza na kujirudisha. Basi, kosa lote ni hilo! Kwa hiyo ncha iguse kingo, raba ya juu nayo ikae kwenye mfereji wake, ndipo ulegeze vibanio pole pole huku unachungulia isihame. Springi fupi inaingia kirahisi bila kubanwa sana na ndio maana mtu anapitiwa.

5. Nyuma. Mambo yale yale, ila nati za juu unazifikia kwa ndani, sedani unatoa siti ya nyuma, stesheni wagoni unatoa plastiki za pembeni za buti. Klipu zitavunjika mbili tatu, usilie.

6. Kukaza. Nati ndogo za juu ni Nm 20 tu, wengi wanazikata hapa, bolti kubwa za mbele mimi nazipa 175. Bolti za bushi za mikono ya chini zilegeze, shusha gari kwenye matairi, litikise, halafu uzikaze likiwa chini. Ukizikaza tairi linaning'inia, raba inabaki imejisokota maisha yake yote na inapasuka mapema.

7. Endesha siku tatu nne springi zikae, pima tena zile kona nne, kisha nenda alaimenti, wakunyooshee matairi. Usiruke hii, gari likishuka kemba na toe (tairi kuelekea ndani au nje kwa mbele) zote zinahama na tairi linaliwa upande wa ndani ambako hulioni. La shemeji limeshuka milimita 28 mbele na 25 nyuma. Taa pia zishushwe au zipandishwe upya, jana kanipigia analalamika barabara haioni.