Chai imemwagikia laptopu? Fanya hivi
Chomoa chaja kwanza, kabla hata ya kutafuta kitambaa. Bonyeza kitufe cha kuwashia bila kuachia mpaka izime. Kazi ambayo hukuihifadhi, isahau. Betri kama inatoka, itoe. Ifunue laptopu, uisimamishe kama hema juu ya taulo, kibodi ikiangalia chini.

Ule ushauri wa kuifukia kwenye mchele ili unyonye maji, achana nao. Sisi mafundi tunaishia kuokota punje kwenye tundu za USB. Draya ya nywele nayo hapana, inasukuma maji ndani zaidi.

Maji matupu yana nafuu. Balaa ni chai ya maziwa: ikikauka, sukari inabaki inanata kwenye bodi (sahani ya saketi iliyo ndani) na kutu ya kijani inaanza. Hiyo ilete siku hiyohiyo ifunguliwe, isuguliwe kwa mswaki laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Na njiani usiiwashe eti unajaribu. Umeme ukipita kwenye bodi yenye unyevu ndio unaounguza.