Kuandika historia ya singo moja: mfano wa "Where Did Our Love Go" ya The Supremes

The Supremes lilikuwa kundi la wasichana watatu wa Detroit, Marekani. Anza na sahani yenyewe. Makala za watu zisubiri. Santuri ya inchi 7, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, ina habari nyingi kwenye karatasi yake ya katikati kuliko kurasa kadhaa za sifa. Nakala ya kwanza ya Marekani ina jina la Motown (kampuni yao ya rekodi), ramani ya eneo la Detroit yenye nyota nyekundu, na namba 1060. Nakili namba hiyo, majina ya watunzi (Holland, Dozier na Holland), kampuni ya haki za utunzi (Jobete), jina la kundi, na wimbo wa upande B, "He Means the World to Me", kama vilivyochapwa. Usisahihishe kitu.

Jina la kundi ndilo linalowaumbua wengi. Mwaka 1964 waliandikwa The Supremes tu. Ukiona "Diana Ross & the Supremes", hiyo ni nakala ya mwaka 1967 au baadaye, hata muuzaji akiapa kwamba ni ya kwanza. Uingereza nako kuna mtego wake: wimbo ulitoka huko kwa lebo ya Stateside, kwa sababu Tamla Motown, lebo ya Motown ya Uingereza, ilianza Machi 1965. Kwa hiyo nakala ya Uingereza yenye jina la Tamla Motown haiwezi kuwa ya toleo la kwanza.

Halafu tarehe. Zipo tatu, na huchanganywa kila leo. Ulirekodiwa tarehe 8 Aprili 1964 katika Studio A ya Hitsville U.S.A., jengo la Motown, namba 2648 West Grand Boulevard, Detroit. Ulitoka tarehe 17 Juni. Ukashika namba moja ya Hot 100, chati kuu ya nyimbo ya gazeti la Billboard, katika toleo la tarehe 22 Agosti, ukakaa wiki mbili. Andika "toleo la tarehe 22 Agosti", usiandike "siku ya tarehe 22", maana gazeti hilo hutoka siku kadhaa kabla ya tarehe iliyo kwenye jalada. Kurasa za zamani za Billboard na za mshindani wake, Cash Box, zinasomeka kwenye tovuti ya World Radio History. Fungua ukurasa wa chati wenyewe, usitegemee muhtasari wa mtu.

Kwenye chati ya R&B ndiko watu huteleza zaidi. Billboard waliisimamisha chati hiyo ya muziki wa rhythm and blues tangu mwisho wa Novemba 1963 hadi Januari 1965, na singo hii imeangukia katikati kabisa ya pengo hilo. Ukikuta imeandikwa "namba moja ya R&B, 1964", jua takwimu hiyo imetoka Cash Box, kwa hiyo taja jina la gazeti. Mauzo nayo yaguse kwa tahadhari: miaka hiyo Motown haikuwaruhusu RIAA, chama cha kampuni za rekodi za Marekani kinachotoa vyeti vya mauzo, kukagua vitabu vyake, kwa hiyo hakuna cheti rasmi cha dhahabu cha wakati ule. "Mamilioni" unayoyasoma ni kauli ya kampuni.

Sasa vaa hedifoni. Tafuta toleo la mono (sauti ya njia moja), ndilo lililokuwa kwenye singo. La stereo ni mchanganyo mwingine. Wimbo unafunguliwa na vishindo vya miguu juu ya mbao. Wengi huandika "makofi", na hapo ndipo msomaji mwenye sikio anapoacha kukuamini. Piano inagonga kwa mapigo yaleyale mwanzo hadi mwisho, saksofoni ya bariton inachukua nafasi yake katikati, kisha beti zinarudi. Hakuna daraja, yaani kipande tofauti cha katikati, na ubeti na kiitikio vinatembea juu ya kodi (chords) zilezile. Nyuma ya Diana Ross, mwimbaji kiongozi, Mary Wilson na Florence Ballard wanaitikia "baby, baby" karibu mwanzo hadi mwisho. Lamont Dozier, mmoja wa watunzi watatu, alikuwa amewaza maitikio yenye mapambo zaidi, yakaachwa.

Hadithi za nyuma ya pazia ziache mpaka hapa, kwa sababu sasa una kitu cha kuzipimia. Inayojulikana sana ni kwamba wimbo ulitengenezewa The Marvelettes, kundi lingine la wasichana la Motown, wakaukataa. Dozier aliisimulia mara nyingi, basi iandike kwa jina lake: "kwa maelezo ya Dozier". Inasemwa pia kwamba ala zilishawekwa kwenye ufunguo (kimo cha sauti) wa Gladys Horton, mwimbaji wa The Marvelettes, aliyekuwa na sauti ya chini kuliko Diana Ross. Hili lijaribu kwa sikio. Piga kwanza "When the Lovelight Starts Shining Through His Eyes", singo ya The Supremes ya mwisho wa 1963, kisha rudi kwenye hii. Kule Ross anasukuma sauti juu ya ala nyingi. Huku amekaa chini, karibu ananong'ona. Ufunguo wa chini unaueleza vizuri mnong'ono huo, lakini usikilizaji hauthibitishi nani alikataa nini, wala kwa maneno gani. Tenganisha mambo hayo mawili katika sentensi zako.

Matoleo ya wengine yanahitaji aya moja fupi, usizidishe. Soft Cell wa Uingereza waliuunganisha na "Tainted Love" kwenye santuri ya inchi 12 mwaka 1981. Taja pia kwamba singo ya The Supremes imo katika Rejesta ya Kitaifa ya Rekodi, inayotunzwa na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Picha mwisho, na hesabu vichwa. Wakiwa wanne, ni kabla Barbara Martin hajaondoka mwaka 1962. Wakiwa watatu, tazama yupo nani: akiwapo Cindy Birdsong badala ya Ballard, picha ni ya 1967 kuendelea na haifai kukaa juu ya makala ya 1964, hata kama gauni zimependeza.