Kutega amfipodi wa kina cha mita 10,000

Amfipodi wa vilindini ni krasteshia (jamii ya kamba na kaa) mdogo mwenye mgongo uliopinda na mwili uliobanwa ubavuni. Kwenye Mfereji wa Mariana, bonde la chini ya bahari magharibi mwa Pasifiki, anayetawala ni Hirondellea gigas. Ana sentimita 3 hadi 5 tu, lakini anaishi hadi sakafuni, mita 10,900 hivi, ambako mkandamizo unazidi ule wa hewa ya juu mara 1,000. Chakula chake kikuu ni mizoga na mabaki yanayozama. Giza ni totoro, kwa hiyo anafuata harufu, na dema lako lijengwe kwa kufuata hilo.

Chukua bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita 10, urefu wa 50. Mbele weka faneli yenye tundu la sentimita 3, mdomo mwembamba ukielekea ndani. Nyuma funga wavu wa chuma wa matundu ya milimita 1. Ukiziba kwa kifuniko, mkondo hautapita na harufu haitatoka. Hewa ikinaswa humo, bomba litapondwa njiani. Alicella gigantea, amfipodi mkubwa anayefikia sentimita 34, hapiti hapo kabisa. Huyo anataka dema lake.

Chambo ni kilo 1 ya samaki mwenye mafuta, kama vibua, aliyepasuliwa tumbo. Myeyushe barafu kwanza. Kwenye nusu ya madema fungia chambo ndani ya kifuko cha wavu wa chuma, ili wanyama wavutwe bila kukila. Usipofanya hivyo matumbo yote yatajaa kibua na hutajua walikula nini kabla. Epuka kifuko cha poliesta: Eurythenes plasticus, amfipodi mwingine, alipewa jina hilo mwaka 2020 kwa sababu ya unyuzi wa plastiki uliokutwa tumboni mwake, na nyuzi zako zitachafua matokeo.

Funga madema kwenye fremu yenye maboya ya matufe ya kioo, uzito wa chuma na vifyatuo viwili vya sauti (huachia uzito vikisikia mlio kutoka melini, fremu ikaelea juu), kimoja kikiwa cha akiba. Soma kina kilichothibitishwa kwa kila tufe la kioo. Moja likipasuka, wimbi lake huweza kuvunja majirani, na fremu nzima ikabaki chini. Kwa mwendo wa mita 50 kwa dakika, safari ya kushuka ni karibu saa 3 na dakika 40. Amri ya kufyatua nayo huchukua sekunde 7 hivi kufika, kwa hiyo usibonyeze tena kwa papara.

Saa 8 hadi 12 sakafuni zinatosha. Ukizidisha, chambo kinakwisha, wengine wanatoka, waliobaki wanatafunana, nawe unapandisha miguu na vipande.

Hatari kubwa iko juu. Chini maji yana nyuzi 2.5 hivi (mkandamizo wenyewe huyapasha kidogo, ndiyo maana yana joto kuliko ya mita 5,000), ilhali maji ya juu ya tropiki hupita 28. Nyama hulainika haraka. Andaa ndoo za maji ya bahari yaliyopozwa hadi nyuzi 2 hadi 4, na panga fremu iibuke alfajiri: taa yake bado inaonekana na jua halijakolea.

Kwa kuhifadhi DNA, tumia ethanoli ya asilimia 95, angalau mara tatu ya ujazo wa wanyama, kisha ibadilishe baada ya saa 24, kwani maji ya miilini huizimua. Kwa kuhifadhi maumbo, formalini ya asilimia 4. Andika lebo kwa penseli uitie ndani ya chupa. Wino wa kalamu unafutwa na ethanoli. Kabla ya kupima urefu mnyooshe taratibu kwa koleo, kwa sababu akifa hujikunja.

Hesabu yako itawahusu waliokuja kula tu. Majike wenye mayai ni nadra kunaswa kwenye dema la chambo, hivyo usikokotoe uwiano wa jinsia wa kundi zima kwa sampuli hii.