Unataka mashine ya kukata nyasi nyumbani? Anza na kupima uwanja

Watu wengi wakitaka kununua mashine ya kukata nyasi swali la kwanza ni petroli au umeme, halafu la pili ina nguvu kiasi gani. Mi nasema hayo yasubiri kwanza. Chukua tepu, pima urefu na upana wa eneo lenye nyasi tu, toa nyumba, toa njia ya gari, toa maua, upate mita za mraba, halafu pima na ule upenyo mwembamba kuliko wote ambao mashine itabidi ipite, iwe ni kageti ka uani au katikati ya miti miwili. Angalia pia mteremko, mawe, mizizi iliyojitokeza. Na jiulize kwa ukweli kabisa utakuwa unakata kila wiki au unaacha mpaka nyasi zifike magotini, manake hilo ndo linaamua mashine kuliko kitu kingine chochote.

Tuanze na upana wa kukata, hapa ndo hela nyingi zinapotea bure. Mashine ya sentimita 40 ukitoa ile sehemu unayopita juu ya mstari uliokwisha kata inakupa kama 35 hivi za kweli, na ya 50 inakupa kama 45. Kwa uwanja wa mita za mraba 200 ya kwanza itakutembeza kama mita 570, ya pili kama 440, yani tofauti ni ndogo sana, na hiyo kubwa ni nzito, inasumbua kwenye kona na inakula nafasi stoo. Ila ukiwa na mita za mraba 1,000 hesabu inakuwa karibu kilomita 2.9 dhidi ya 2.2, hapo sasa upana una faida na mashine inayojivuta yenyewe inaanza kuwa na maana. Zile za kupanda na kuendesha ziache kwa wenye eneo kubwa kweli kweli.

Sasa aina. Kuna ya kusukuma kwa mkono isiyo na injini, yenye visu vilivyojipinda vinavyozunguka na kupita juu ya chuma kilichotulia, inakata kama mkasi. Muingereza Edwin Budding ndo aliibuni mwaka 1830 na mpaka leo namna yake ya kukata ni ileile. Watu wanaidharau lakini kwa bustani ndogo, tambarare, inayokatwa mara kwa mara, mi naipenda kuliko zote, haina kelele haina mafuta na nyasi zinabaki na ncha safi. Ila usiipeleke kwenye nyasi ndefu au penye vijiti, itakwama tu.

Zile nyingine nyingi zina kisu kimoja cha bapa kinachozunguka kwa kasi chini ya kava, hizi zinavumilia nyasi ndefu kidogo na magugu. Na kama kwako ni vichaka na nyasi za kiunoni basi hiyo sio kazi ya mashine hizi kabisa, tafuta ile ya kufyeka ya kuvaa begani, ukishashusha ndo uingie na hii.

Petroli haina shida ya waya wala chaji na inafaa eneo kubwa, ila ina kelele, moshi na matunzo. Uliza kama oili inawekwa mahali pake au inachanganywa na petroli, manake ukikosea hapo injini inakufa. Petroli ikikaa ndani kwa mwezi na zaidi inaanza kuharibika na kuziba kabureta, kwahiyo kama unakata mara chache sana fikiria mara mbili. Ya umeme wa waya ni nyepesi na ni rahisi kuitunza, ila lazima uchomeke kwenye swichi inayokata umeme ukivuja, na uanze kukata karibu na soketi ukielekea mbali ili waya ubaki nyuma yako. Nyasi mbichi zenye maji achana nayo siku hiyo.

Ya betri usidanganyike na volti peke yake. Zidisha volti na ampea-saa: volti 40 na ampea-saa 4 ni wati-saa 160, volti 20 na ampea-saa 4 ni 80 tu. Hicho ndo kipimo cha umeme uliopo ndani. Uliza bei ya betri ya akiba kabla hujalipia mashine.

Urefu wa kukata watu hawauangalii kabisa na ndo afya ya nyasi zenyewe! Usikate zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mara moja, kwahiyo unahitaji mashine inayopanda na kushuka vizuri, tuseme kutoka sentimita 2.5 hadi 7.5, na kama ni wenzo mmoja kwa magurudumu yote manne ni raha zaidi. Mfuko wa kukusanyia ni mzuri, ila ikiwa na uwezo wa kusagasaga nyasi na kuzirudisha chini chukua hiyo, zinarudisha naitrojeni kwenye udongo, mradi nyasi ziwe kavu na fupi.

Mteremko: ya kusukuma unakata kwa kukatisha mteremko, sio kupanda na kushuka. Ukiwa mkali sana usikate kwa mashine ya magurudumu.

Ukinunua iliyotumika, iwashe ikiwa imepoa, sikiliza mtetemo, ikitetemeka sana huenda kisu kiligonga jiwe na shafti imepinda. Achia ule mkono wa usalama, yani ule unaoubana kwenye mpini ili mashine ifanye kazi, kisu kisimame kwa sekunde chache, na ukikuta umefungwa kwa waya ili usiachie, usiinunue. Kabla ya kuchungulia chini zima, chomoa kofia ya plagi ya injini (ile inayotoa cheche za kuwasha petroli), au toa betri, halafu ilaze plagi ikiangalia juu ili oili isiingie kwenye kichujio cha hewa.